Nilipoitafuta Sauti ya Kifaransa

Mume wangu ni fundi wa treni. Tangu tuoane nimezoea kumpata siku chache tu hapa Kamina, kisha reli inamchukua tena. Njia ya kwenda Kabalo ina mapori marefu ambako simu haishiki rezo, yaani mtandao, hata kidogo, na akifika penye rezo, simu hukatika kabla hatujamaliza salamu. Ndiyo maana alinifundisha ule mchezo wa simu, mchezo wa vita ambao watu hucheza pamoja kwa mtandao wakiwa mbali.

"Hata kama hatucheze," aliniambia, "utaangaria tu alama ya kijani pembeni ya jina yangu. Ukiiona, ujue niko muzima."

Yeye alichagua mtu mnene mwenye nyundo. Kila alipoingia mchezoni, yule mtu alijitokeza kwenye simu yangu, akapiga nyundo chini na kusema kwa Kifaransa, kwa sauti nzito kama ya mwimbaji wa kwaya: "Me voilà!" Yaani, nimefika.

Tuliishi na mama yake. Alikuwa ametoka kijijini, upande wa Kabongo, macho yake yalipoanza kufunikwa na utando mweupe. Yeye aliongea Kiluba, mimi nilikulia kwenye Kiluba cha Kasai, ambacho ni lugha nyingine, na mwanzoni tulikutana kwenye Kiswahili kama watu wawili wanaokutana sokoni: kwa heshima, bila maneno mengi. Ule mchezo ndio uliotuzoesha. Mimi nikishona mlangoni, simu juu ya cherehani, yeye akichambua maharagwe, ile sauti ilipotoka alijibu bila kuinua kichwa: "Karibu, mutoto." Tukacheka. Hata siku ambazo mwanawe hakuwa mtandaoni, alikuwa ananiambia, "Mupige kidogo, aseme." Nami nilifungua ukurasa wa yule mtu wa nyundo, nikambonyeza, akasema.

Mwaka huo mvua ilikuwa mbaya. Mume wangu aliondoka na treni ya Kabalo, na kabla ya juma kuisha habari zikafika sokoni kwamba maji yamekula udongo chini ya reli, sehemu ya mbali, porini. Mmoja alisema treni ilikuwa imeshapita. Mwingine alisema ilikuwa katikati. Mteja mmoja aliyekuja kupimwa nguo ya kikwembe, yaani kitenge, alisema amesikia mabehewa yamelala ubavu, kisha akauona uso wangu, akaanza kuzungumzia mikono ya blauzi.

Nilipiga simu yake mpaka kidole kikazoea chenyewe. Haipatikani. Mama yangu mzazi akaja kunitazama. Wazazi wangu ni kati ya watu wa Kasai waliofukuzwa mkoani hapa miaka ile ya tisini na mbili, tisini na tatu, waliongoja treni kwenye gare, yaani stesheni, na mizigo yao juu ya saruji, wakarudi baadaye mambo yalipotulia. Hata leo mama akisikia honi ya treni huacha alichokuwa akisema. Alikaa kidogo, akashika mkono wangu, akaondoka.

Basi alasiri moja nikafungua mchezo kutafuta alama ya kijani. Haikuwepo. Kumbe ule mchezo ulikuwa umejifanyia mise à jour, yaani umejisasisha wenyewe, rangi zimebadilika, vitu vimehamishwa. Mama mkwe alisikia muziki wake, akasema kama kawaida, "Mupige kidogo, aseme."

Nikambonyeza yule mtu wa nyundo. Akapiga nyundo chini, akafoka kwa lugha nisiyoijua, harakaharaka, kwa sauti kali na nyembamba. Nadhani ilikuwa Kijapani.

Maharagwe yakamponyoka mama mkwe.

"Ule njo nani?"

"Ni mchezo, mama. Lugha imebadirika."

"Nani amebadirisha?"

"Hakuna muntu. Ni mashini tu."

"Weye unajua namna gani?" Alikuwa amegeuza uso kuelekea simu kana kwamba angeweza kuiona. "Kama bantu bamekamata telefone yake? Kama yeye haiko tena nayo?"

Nilimweleza kile ambacho mume wangu mwenyewe alinieleza zamani: kila mtu husikia lugha iliyowekwa kwenye simu yake. Kilichobadilika kimebadilika hapa, si kule. Nilieleza vizuri kabisa, na huku naeleza, kidole changu kilikuwa kinampigia tena mume wangu. Kwa sababu hata mimi, niliposikia ule ukali, wazo langu la kwanza lilikuwa lilelile la kwake. Akili yangu ilijua sababu. Mwili wangu haukutaka kujua chochote.

Mama mkwe hakula jioni hiyo. "Nirudishie ile ya zamani," alisema tu.

Kesho yake asubuhi nikaacha kushona, nikaketi na simu. Niliingia kwenye paramètres, mipangilio ya mchezo. Lugha ya maandishi ilikuwa bado Kifaransa, na hilo lilinipoteza kwa muda, kwani nilidhani kila kitu kiko sawa. Kisha nikaona chini yake mstari wa pili, wa sauti za wahusika, peke yake. Nikaugusa. Kifaransa kilikuwepo kwenye orodha, lakini kimefifia, na pembeni yake mshale wa kupakua. Sauti za zamani zilikuwa zimefutwa. Lazima zishushwe upya. Nikabonyeza mshale. Simu ikajibu kwamba haina nafasi.

Nikafungua vilivyomo ndani ya simu ili nichague cha kufuta. Vitu viwili vilikuwa vimeijaza. Kwanza, picha za modeli za nguo, nilizozikusanya tangu nianze kazi, ambazo wateja hutazama na kuchagua. Pili, ujumbe wa sauti wa mume wangu, mwingi, wa mambo madogo: nimefika, nunua sabuni, mama amekunywa dawa? Wakati mwingine wowote ningefuta ule ujumbe bila kufikiri, kwa kuwa mtu angerudi na sauti yake. Siku hiyo kidole changu kilikataa hata kuukaribia. Nikafuta modeli. Zilipokwisha kutoweka, nikaona nafasi imepatikana, nikabonyeza mshale tena. Namba ya upakuaji ikasogea kidogo, ikasimama. Rezo ya mtaa wetu ndiyo hiyo.

Nikapanda pikipiki mpaka gare, ambako rezo ina nguvu. Kusema kweli, ningeweza kupata rezo nzuri sehemu nyingine pia. Lakini gare ndiko habari ingefikia kwanza.

Sikuwa peke yangu. Kulikuwa na wake wa wafanyakazi, na ndugu wa abiria, wameketi ukutani kwenye kivuli chembamba. Kila mlango wa ofisi ulipolia, vichwa vyote viligeuka. Nilikaa karibu na mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba binti yake, mchuuzi wa samaki, amepanda treni ile. Nikamwambia bwana yangu ni fundi wa treni hiyo.

Sauti za Kifaransa zilishuka polepole. Zikifika nusu, rezo inakata, zinangoja, zinaendelea. Chaji nayo inapungua. Nilikuwa nimejipa imani ya kijinga ambayo sikumwambia mtu: kwamba zikifika zote kabla simu haijazima, basi yeye ni mzima. Nilijua ni ujinga, na bado sikuweza kuondoa macho.

Zikafika zote. Bila kufikiri nikambonyeza yule mtu wa nyundo, na sikukumbuka kwamba nilikuwa nimeongeza sauti kwa ajili ya mama mkwe.

"Me voilà!"

Ukuta mzima uligeuka. Yule mama wa kitambaa cheusi alikuwa ameshasimama, ananishika bega.

"Ni bwana yako? Ni bwana yako mu treni? Umuulize juu ya mutoto wangu! Umuulize, mama!"

"Hapana," nikasema. "Haiko yeye."

"Nimesikia mwanaume anasema amefika!"

"Ni mchezo, mama. Mchezo wa telefone. Unisamehe."

Alitazama simu, akamwona yule mtu wa nyundo anatembeatembea peke yake kwenye kioo. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliachia bega langu, akarudi kukaa, lakini mbali kidogo, na wengine wakageukia mlango. Nilizima simu, nikabaki nimeishika kama kitu nilichoiba.

Baadaye karani akatoka. Akasema wamepata habari kwa redio: treni imesimama kwenye kituo kidogo kabla ya mahali palipokatika, haikuanguka, watu wako wazima, lakini hakuna anayejua itasogea lini. Watu wakashukuru, wengine wakalia. Mimi nilitaka kuamini, ila nilikuwa nimesikia mengi mno juma hilo.

Nyumbani nikamwekea mama mkwe ile sauti. Akasikiliza. Nikabonyeza tena.

"Ni yeye," nikasema. "Ya zamani."

"Nasikia." Alinyoosha mkono, akatafuta wangu. "Mutoto, unafikiri sijuake kama haiko mutoto wangu? Sauti yake, mimi nilimuzaa nayo. Ila ile mashini ikisema, weye unachekaka. Jana ilisema, na nilisikia umeacha kupumua. Njo sababu nikaogopa."

Niliwasha moto. Tulikula ugali na majani ya muhogo, kidogo, lakini tulikula, na kila siku baada ya hapo tulimpiga yule mtu wa nyundo aseme, ingawa hakuna kati yetu aliyecheka.

Simu yake ilikuja siku ya soko, kutoka namba ya mtu mwingine. Alikuwa Kabongo. Yeye na wenzake wachache walitumwa kutafuta chakula na msaada. Walitembea kando ya reli, kisha wakapakiwa kwenye baiskeli za wakulima. Simu yake iliisha chaji siku ya kwanza. Sauti ilikuwa nyembamba, imekauka, na nilimwomba arudie jina langu. Nikampa mama yake simu. Walisemezana kwa Kiluba, naye mama alikuwa anapiga paja kwa mkono taratibu, akimshukuru Mungu: "Ee Leza, ee Leza."

Mume wangu alifika juu ya lori la mahindi, miguu imevimba, ndevu zimeota ovyo. Mama yake alimpapasa uso mzima kabla hajamruhusu kukaa. Alipokuwa ananawa nikamuuliza kama anamjua binti mchuuzi wa samaki aliyekuwa kwenye ile treni.

"Ule mwenye kusema sana? Amebakia na bengine, analinda samaki yake. Anapikia behewa nzima. Iko muzuri."

Sikungoja amalize kunawa. Nilifunga kikwembe, nikaenda mpaka gare, na yule mama alikuwa palepale ukutani. Aliponiona, macho yake yalishuka kwenye mkono wangu, kutafuta simu. Sikuja nayo.

"Bwana yangu amerudi," nikamwambia. "Amemuona mutoto wako. Iko muzima, anapikia bantu."

Alinishika bega, kama siku ile.

"Ni yeye mwenyewe amekuambia? Kwa kinywa yake?"

"Kwa kinywa yake. Sasa hivi iko nyumbani ananawa."

Akakaa chini tena, akanyoosha miguu mbele yake, akaanza kulia kwa kelele. Nami nikaketi karibu naye mpaka alipomaliza.