Benki Iliyotaka Dole Gumba Langu

Mke wangu anauza dagaa wa jumla pale soko la Mkuyuni, na mimi ni fundi mwashi. Tangu tuoane tulikuwa na akaunti moja tu ya benki, yenye jina langu, na hela za tofali na hela za dagaa zililala humo pamoja bila kugombana. Shida ilikuwa asubuhi.

Mzigo wa dagaa unafika ufukweni mwaloni kutoka visiwani jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia. Mwenye mzigo ni mama mmoja asiye na mchezo. Anampigia mke wangu simu kwanza, kwa sababu wamejuana siku nyingi, lakini hela isipoingia haraka magunia yanakwenda kwa mwingine. Hapo mke wangu ananipigia mimi. Mimi niko Usagara, juu ya jukwaa la mirunda, najenga gesti ya mtu. Nashuka. Nanawa mikono. Nafungua huduma ya benki kwenye simu, nayo inaniambia nijaribu tena baadaye. Nikijaribu tena baadaye, inaniambia vilevile, kwa adabu ileile. Naapa kuna siku niliijaribu hadi ukuta niliouacha ukakauka, ukapigwa plasta na ukapakwa rangi.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia jioni moja, anapepeta mchele bila kuniangalia, "leo tena magunia yameondoka. Yule mama kasema nikichelewa mara nyingine nafasi yangu anampa mtu."

"Ni mtandao, mama."

"Mtandao wa benki yako. Ile mpya wakala wao anakaa meza ya tatu kutoka kwangu, na wenzangu wote wanalipa kabla hawajamaliza kupiga mswaki. Tuhame."

Nikasema nitafikiria. Nikafikiria wiki tatu. Kila alipouliza nilikuwa na sababu mpya: mara benki ya zamani inanijua, mara hiyo mpya ina makato yaliyojificha, mara kuhama benki si kama kubadilisha kinyozi. Yote hayo nilikuwa natunga pale pale nikiwa natafuna. Na mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye benki yangu angenicheka, maana ile foleni nimeshuhudia watu wakichumbiana mwisho wake na kufika dirishani wakiwa na mtoto anayetembea.

Sababu ya kweli sikuisema. Benki mpya haitaki saini. Inataka kidole.

Labda kwako hilo ni jambo dogo. Mimi nimekulia porini Misungwi nyuma ya ng'ombe, na darasa nililiona kwa mbali kama watu wanavyoona ndege ikipita. Nilipokuja mjini kubeba zege, kila Jumamosi msimamizi alikuwa analipa kwa orodha. Wenzangu wanaandika majina, mimi napewa kile kibweta cha wino. Dole gumba, tia hapa. Kisha ninaliosha hadi Jumatatu na wino hautoki, na kwenye kibanda cha chai watu wanakiona kidole kabla hawajaniona mimi. "Msomi huyo kafika," mmoja alizoea kusema, "mpeni gazeti."

Nikaenda masomo ya jioni. Tulisomea kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamefika masikioni, yakawa yanasikia somo kabla ya masikio. Nilianza na a, e, i, o, u nikiwa na ndevu, nikaishia na cheti cha kidato cha nne nikiwa na ndevu na mvi mbili. Na karatasi ya kwanza kubwa niliyotia saini maishani ni fomu ya ile akaunti. Saini yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi miezi minane. Ina mikunjo mingi kuliko barabara ya kupanda Bugando, na mwishoni kuna mkia unaotoka nje ya kisanduku. Mhudumu aliniomba niipunguze. Nikakataa.

Sasa watu wa benki ya kisasa, wenye fulana zinazong'aa, wananiambia nirudishe dole gumba.

Mwishowe niliishiwa sababu, Jumamosi moja tukaenda. Benki mpya ilikuwa imeweka mwavuli na meza nje ya soko, na binti mmoja mchangamfu.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba."

Akachukua kitambulisho changu cha taifa, akabonyeza bonyeza, akasogeza kimashine chenye taa ya kijani. "Baba, naomba dole gumba la kulia."

Nikaliweka kama mtu anayetumbukiza mguu kwenye maji asiyoyajua. Kimashine kikalia, kikawaka nyekundu. Akakifuta na kitambaa. Nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Tukapita vidole vyote kumi, na kama angeruhusu ningevua viatu tuendelee.

"Baba unafanya kazi gani?"

"Uashi."

"Ahaa. Saruji inakula alama za vidole. Mafundi wengi wanapata shida hii. Ukipumzisha mikono siku kadhaa, ukapaka mafuta ya mgando, zinaweza kurudi."

Sijui niseme nilifurahi kiasi gani. Nilitamani kuukumbatia mfuko wa saruji. Nikamgeukia mke wangu kwa sura ya masikitiko niliyoitengeneza vizuri kabisa. "Basi tena, mama. Mashine imekataa. Tungefanyaje?"

Alikuwa anatazama ndani ya soko, kwenye ile meza ya tatu ya wakala, ambako mwanamke mwingine alikuwa anaweka kidole, anacheka, anaondoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno, na mke wangu ni mtu anayeongea hata na sufuria. Tulipofika nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, kibweta cha wino, kibanda cha chai, gazeti.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe," akasema. "Wiki tatu nakosa dagaa kwa sababu ya wino uliokauka kabla sijakujua."

"Ndiyo hivyo."

"Ungeniambia siku ya kwanza ningekukasirikia siku moja tu. Sasa nina wiki tatu za kukukasirikia."

Akaniletea kopo la mafuta mwenyewe. Nikapumzika kazini siku nne, natembelea saiti mikono imening'inia inameremeta. Vijana wangu hawakuniacha. "Fundi, harusi ni lini?" "Fundi usishike mwiko, utaharibu hina." Mmoja alinipangusia benchi kabla sijakaa.

Siku ya tano tukarudi kwa yule binti. Mikono yangu ilikuwa laini kama ya mtoto wa wiki moja. Akaanza kujaza, na katika kuuliza maswali yake ya kawaida akauliza, "Hii akaunti itatumika kwa shughuli gani?"

"Kununua dagaa," nikasema.

"Unauza dagaa, baba?"

"Hapana, ni mama."

"Hela ni za mama?"

"Za dagaa ni zangu," mke wangu akasema.

Binti akaacha kuandika. "Mama, wewe una kitambulisho cha taifa?"

"Ninacho."

"Sasa kwa nini usifungue ya kwako?"

Tukatazamana. Sisi ni watu wazima wenye akili zetu, mmoja wetu ana cheti cha kidato cha nne, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwaza hilo. Iliniuma kidogo, sitaficha. Jina langu lilikuwa limezoea kukaa juu ya hela zile. Lakini mke wangu alikwishatoa kitambulisho kwenye pochi. Akaweka dole gumba mara moja. Kijani.

"Mume anatakiwa kuweka saini mahali?" nikauliza.

"Hapana baba, haihitajiki."

"Na wewe?" mke wangu akanigeukia. "Unahama?"

Nikasema mimi nabaki. Nikadhani atanibishia, akanipiga begani tu, akacheka. Wiki iliyofuata nilipanga foleni kwenye benki yangu ya zamani, nikajaza fomu ya kuhamisha fungu lake lote, nikaitia saini pamoja na mkia. Mhudumu aliitazama, akatazama ile ya kwenye faili, akagonga muhuri.

Juzi, kabla ya kwenda Usagara, nilipitia mezani kwa mke wangu sokoni kunywa chai. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa simu yake ilipoita, ni yule mama mwenye mzigo. Akasikiliza, akasema "sawa dada", akaenda kwa wakala, akarudi. Chai yangu ilikuwa bado inaunguza mdomo.

"Tayari?" nikauliza.

"Tayari. Sogea hapo, magunia yanakuja."

Nikasogea.