Mapaja ya Asnath

Gerson alikuwa na ukumbi wa mazoezi Kanyenye, na hakuna mteja aliyemchosha kama Asnath, msusi wa mtaa huohuo. Asnath alitaka mapaja yajae. Kila siku akifunga saluni alikuja kubeba chuma mabegani na kuchuchumaa mpaka magoti yatetemeke. Miezi ikapita, miguu ikabaki vilevile.

"Dada Asnath, nimekwambia mara ngapi?" Gerson alisema. "Jumatatu chuchumaa na uzito mkubwa, mara chache. Alhamisi punguza uzito, piga hatua ndefu, nyanyua visigino. Siku za katikati pumzika, ule ushibe. Msuli unakua ukipumzika."

"Nikipumzika litakua tumbo, kaka."

Kesho yake alikuwepo tena. Gerson akaficha vyuma. Asnath akachuchumaa na mfuko wa saruji wa fundi wa jirani.

Kisha dada yake akajifungua huko Usoke, naye akaenda kumhudumia mwezi mzima, bila kugusa chuma. Alipika ugali, maharage na mboga za karanga, wakala pamoja na mzazi.

Aliporudi, suruali ilimbana mapajani. Chuma kilichokuwa kikimshinda alikiinua bila kuguna.

"Umeona faida ya kupumzika?" Gerson aliuliza.

"Kupumzika wapi? Yale ni maji ya Usoke. Sasa nitakuja asubuhi na jioni."

Gerson alimwambia mlango utakuwa wazi kwake Jumatatu na Alhamisi tu, vinginevyo atafute ukumbi mwingine. Asnath akanuna, akaondoka bila kuaga. Alhamisi akaja, na bado alikuwa amenuna.