Ndondi Siku ya Mama Mkwe

Mashine yenyewe ya gemu niliinunua ng'ambo, upande wa Uganda, nikaivusha kwa boda boda nikiwa nimeikumbatia kifuani. Ilikuwa nyeusi, nyepesi kuliko nilivyodhani, na ilinuka plastiki mpya. Taa yake ya buluu ilipowaka kando ya televisheni, nyumba yetu ya kupanga hapa Busia ikawa kama ya watu waliofika. Nilijisikia raha, siwafichi.

Mke wangu aliguna tu. "Siku ya mama kuja ndiyo umeona ununue gemu?"

Maana siku hiyo mama yake alikuwa anakuja kutoka Funyula kuona tunavyoishi. Tulikuwa tumekaa pamoja bila mimi kwenda kwao rasmi, na neno lake ndilo lingeamua kama wazee wangenipokea au wangeniambia nimrudishe binti yao. Tulipanga vizuri. Kwetu mama mkwe haingii sebuleni kwa mkwewe hivi hivi, wala hamshikani mikono. Angefika jioni, tusalimiane nje nikiwa nimevaa shati la maana, kisha apelekwe kwa jirani yetu, ambako kuku alikuwa jikoni tayari.

Kwa hiyo mchana ulikuwa wangu. Gemu ya mpira ikakataa kufunguka, ati inataka intaneti kwanza. Iliyokubali ni ya ndondi. Nikampa mke wangu rimoti ya pili, nikamwonyesha vitufe kama mwalimu. Ukipigwa ngumi, ile rimoti inatetemeka mkononi kama kuku aliyeshikwa miguu. Alishtuka akaitupa kwenye kochi, akacheka, akaiokota. Raundi ya kwanza akaniangusha.

"Boss, umelala? Nikuletee mto?"

Nilicheka, lakini kicheko cha juujuu. Raundi ya pili akaniangusha tena, kwa kubonyeza kitufe kimoja hichohicho, hajui hata anafanya nini. Mimi hasira zangu ziko karibu, watu wa kwetu wananijua. Hasira hasara, nimeambiwa tangu nikiwa mdogo, na sijawahi kusikia. Nikavua shati. Raundi ya tatu nikampata kwenye kona ya ulingo, na hapo mdomo ukafunguka.

"Unanicheka mimi? Leo nitakupiga mpaka ujue mwenye nyumba ni nani!"

"Basi, nimeshindwa," akasema. "Tuache."

"Hakuna kuacha. Simama nikumalize!"

Alikuwa ameacha kucheka kitambo. Sikuona, macho yangu yalikuwa kwenye televisheni.

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe alikuwa amepata lifti akafika mapema, na alikuwa amesimama nje akisikia. Aliingia na viatu vyake, mfuko wa mihogo bado begani, akaja kusimama kati yangu na binti yake. Mimi kifua wazi mbele ya mama mkwe. Heshima yote tuliyoipanga ikaishia hapo.

"Mama, ni gemu," mke wangu akasema. "Tazama, wanaopigana ni wale wa kwenye tivii."

Akatazama. Bondia wa mke wangu alikuwa chini, anahesabiwa. Nami nikaeleza kwa kigugumizi, rimoti ikiwa bado mkononi. Nilingoja acheke. Ningetoa chochote ili acheke.

"Nimeona ni mchezo," akasema kwa sauti ya chini. "Na ile sauti niliyosikia, nayo ni ya mchezo?"

Nikamtazama mke wangu anisaidie, naye akawa ananyoosha kitambaa cha kochi ambacho kilikuwa kimenyooka.

Mama alimshika binti yake, akampeleka dirishani penye mwanga. Akampandisha mkono wa gauni polepole, wa kulia kisha wa kushoto, akamgeuza shingo, akatazama nyuma ya sikio. Sijawahi kumwinulia mke wangu mkono, hata siku moja. Hakukuwa na kitu cha kuonekana. Lakini aibu niliyoona pale haikujali hayo. Nilisimama nimeshika shati, nikimwogopa yule mama kama mshtakiwa anayejua tayari neno litakalofika kwa wazee.