Msala wa Mifuko ya Mkate

Nilianza kusuka mifuko ya mkate kwa hasira. Mwanamke mmoja tunayesali naye aliniuliza nashinda nikifanya nini siku nzima, nikamjibu kuwa nalea watoto. Akasema, kwa upole kabisa, "Kumbe uko nyumbani tu." Hilo "tu" nilirudi nalo mpaka nyumbani, Turffontein. Mimi hasira zangu ni za karibu, zinapanda upesi na kushuka upesi, lakini siku ile zilikataa kushuka. Nilifungua droo ya jikoni kutafuta mkasi, sikumbuki hata wa nini, nikakuta lundo la mifuko ya mkate niliyoiweka kwa sababu sijui kutupa vitu. Nikaikata vipande vyembamba, nikakaa chini, na kabla sijajua nafanya nini vidole vilikuwa vinasuka ukili, kama nilivyofundishwa na bibi yangu huko Pangani kwa majani ya ukindu. Ukindu huku Johannesburg haupatikani. Mkate upo kila siku.

Kwa asiyejua, ukili ni ule mkanda mrefu unaosukwa kwanza. Ukishatosha unauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo mpaka unapata mkeka, au ukiuzungusha kwa umbo la yai, msala wa kusalia. Nilitaka msala. Majirani walipojua wakaanza kuniletea mifuko yao, ya bluu, ya manjano, myekundu, na binti yangu mkubwa, ambaye alikuwa hajaanza shule bado, akawa mkuu wa kupanga rangi. Mdogo wake alikuwa anatambaa, kazi yake ilikuwa kuvuruga alichopanga dada yake.

Sijui niwaelezeje watu furaha ya siku zile. Tunaishi nyuma ya nyumba ya watu, vyumba viwili na jiko la kujibana, na ua mdogo wa saruji unaopata jua kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Mume wangu akitoka kwenda kuuza mablanketi yake barabarani Rosettenville, mimi nabaki na ufalme wangu. Nakanda unga wa chapati na kila mtoto namkatia donge lake. Nilitengeneza pazia kwa kanga zilizochakaa, nikamshonea mwanangu mdoli kwa soksi za baba yake ambaye mpaka leo hajui zilikwenda wapi. Siku upepo ukija kutoka uwanja wa mbio za farasi ulio karibu, tunawanusa wale farasi, na binti yangu huacha lolote analofanya akasimama kuvuta hewa kwa furaha, mtu anayenusa pilau hafiki pale. Kabla ya hapo nilikuwa msusi wa nywele katika saluni ya mama mmoja Mkongo. Kazi ile niliipenda, naye mama yule alinitendea mema mengi. Lakini siku moja nikiwa nimekaa uani, jua mgongoni, mmoja kalala mapajani na mwingine ananihesabia vipande vya plastiki kwa Kiingereza, nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu, na sikuwa namjibu mtu.

Msala wenyewe ulinitia aibu. Ulianza vizuri, ukafika upana wa sinia, kisha kingo zikaanza kuinuka. Niliukanyaga, nikauwekea godoro juu. Godoro likiondolewa, unajikunja tena. Nilichopata mwisho ni karai. Mume wangu aliuzunguka akiutazama, akaniuliza kama nitakuwa nasali nikiwa ndani yake. Nilijua kosa langu, kwa sababu ni lilelile la saluni: navuta mno. Wateja walinipenda kwa kuwa misuko yangu inadumu, na walinilalamikia kwa sababu hiyohiyo. "Eish, sisi, taratibu," walikuwa wakisema, "sisi" kwa lugha za huku ni dada, huku wameshika masikio, na wakiondoka nyusi zimepanda utadhani wamepewa habari ya kushangaza. Mimi nilijitetea kwamba mkono huu ni wa kurithi, nimeupata kwa bibi aliyenilea. Watoto hawakuona kosa lolote. Mdogo alikaa ndani ya msala, mkubwa akauvuta sakafuni, na tangu siku hiyo tukawa na gari.

Ndipo mama akapiga simu kutoka Tanga, kusema anakuja kumchukua mjukuu wake.

Niseme ukweli, nilikuwa naisubiri simu hiyo tangu binti yangu azaliwe. Katika ukoo wetu, binti wa kwanza hulelewa na bibi yake mzaa mama. Hakuna anayekulazimisha, ila hakuna pia anayekuuliza. Mimi nilipelekwa Pangani mara nilipoachishwa ziwa, nikarudi kwa mama yangu mjini Tanga baada ya bibi kufariki, nikiwa msichana mkubwa, na tulikaa nyumba moja mimi na mama tukisalimiana kwa adabu, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni. Hatukuwahi kugombana. Kugombana kunataka mazoea.

Kwa hiyo ningemkatalia kwa hoja gani? Nilikuwa nimelelewa hivyo, nikapendwa, nikafundishwa kusuka na kupika na kumcha Mungu. Nilimuuliza mume wangu, akasema, "Ni mama yako, neno liko kwenu." Nikakasirika naye siku mbili kwa sababu alikuwa na haki. Nikaanza kusafisha nyumba. Nilipaka ukuta rangi, nikasugua masufuria mpaka ya chini kabisa yasiyotumika, nikamfundisha mtoto kusema shikamoo na kusubiri aambiwe marahaba. Nilitaka mama aone kwamba mtoto hakosi kitu. Na wakati huohuo nilifua nguo zake zote, nikazikunja vizuri ndani ya begi, nikaliweka nyuma ya mlango.

Mama alifika kwa basi katikati ya baridi, amejitanda kanga juu ya sweta juu ya gauni, soksi ndani ya kandambili. Mkobani alikuwa na fungu la ukindu uliotiwa rangi ya zambarau na kijani, kwa sababu, alisema, mikono yake haikai bure. Binti yangu alimwamkia vizuri sana. Kisha yote yaliyofuata, kuhusu farasi na gari letu na jino linalocheza, akayasema kwa Kiingereza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akanitazama mimi. Mtazamo ule niliuelewa, nikaenda jikoni kuangalia maharage yasiyohitaji kuangaliwa.

Alikaa nasi. Alisema hewa ya huku inakausha mpaka mawazo. Alionja mchuzi wangu wa nazi ya kopo, akaukamulia ndimu nzima. Lakini aliwaogesha watoto, akawapaka mafuta mpaka wakang'aa, na mdogo akajifunza kulala begani kwake. Nilikuwa nikiwatazama nikishukuru na kuumia kwa pamoja.

Siku moja watoto wakapita na gari lao, mkubwa anavuta, mdogo anapiga kelele ndani. Mama akalisimamisha, akamtoa abiria, akaligeuza juu chini.

"Nani kashona huu?"

Nikasema ni mimi.

"Umevuta."

Nikacheka, nikamwambia ndio mkono wa bibi huo, ningefanyaje. Mama aliendelea kupitisha kidole kwenye mshono. "Bibi yako alikuwa na mkono mwepesi," alisema. "Mikeka yake ililala chini yenyewe." Nilidhani amesahau, ni mambo ya zamani, sikubishana. Yeye akamrudisha mtoto garini.

Baada ya hapo alimwita mjukuu wake, wakalowanisha ukindu ndani ya beseni, akaanza kumfundisha. Nilisikia kutoka jikoni mmoja akisema kwa Kiswahili cha Tanga na mwingine akijibu kwa Kiingereza, na kazi inakwenda. Mtoto alikataa ukindu mtupu, akaleta vipande vyake vya mifuko ya mkate, wakavichanganya. Uliotoka ulikuwa ukili wa zambarau na bluu, umepinda hapa na pale, na binti yangu alitembea nao akimwonyesha kila aliyepita getini. Jioni aliuacha kochini akaenda kucheza. Mimi nikauokota, nikaona nimsaidie kidogo, nimnyooshee. Mama alinipiga kofi mkononi, hivi hivi mimi mtu mzima.

"Uache. Anayeuanza ndiye anayeumaliza. Mikono haivuti sawa, ukiingia wewe katikati utaonekana."

Ni kweli, hata bibi alitukataza hivyo hivyo. Nikauweka chini.

Siku ya safari ilikaribia na hakuna aliyelitaja begi. Tulikuwa tumekaa uani, mimi na mama, tunamenya njegere kwenye jua. Watoto walikuwa ndani na baba yao. Mama aliongea bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Siku mama yangu alipokuja kukuchukua, nilikufungia nguo nikakaa mlangoni. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza, nami nikadhani basi ndivyo inavyotakiwa." Akamenya njegere kadhaa. "Wewe sikukulea. Nilitaka nimpate huyu nimlee."

Sikuwahi kumsikia mama akisema anataka kitu.

"Mimi nakuuliza," akasema. "Unataka aende?"

Mimi mwenye jibu la kila mtu, niliyejibizana na wenye nyumba, na madereva wa teksi, na yule mwenye "tu" yake, nilikaa na ganda la njegere mkononi nisijue pa kuliweka. Nilimwonea huruma mama. Nilijionea huruma mimi mwenyewe, yule mdogo aliyefungiwa nguo. Ningeweza kumwambia mengi kuhusu shule na baridi na pasi za kusafiria, lakini hakuwa ameniuliza hayo.

"Sitaki, mama," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole kukubali, mara kadhaa. "Basi abaki. Huyu umemwanza wewe."

Nililia, na mama akaniacha nilie, akaendelea kumenya mpaka za kwangu. Kisha akaniambia niingie nikatoe lile begi nyuma ya mlango, kwa sababu mtoto alikuwa amemuuliza mara nyingi kwa nini nguo zake haziko kabatini. Kumbe walikuwa wanaelewana vizuri sana, muda wote.

Tangu siku ile nimeshukuru kwa mambo mengi, lakini hilo ndilo naanza nalo: kwamba niliulizwa. Najua wanawake wa ukoo wetu waliopita, wapole kuliko mimi, wenye haki kuliko mimi, ambao walikaa mlangoni wakisubiri swali. Lilipokuja lilikuja kwangu, nyuma ya nyumba ya watu, katika jiji ambalo bibi yangu hakujua hata lilipo.

Asubuhi ya kuondoka kwake mkobani mlikuwa na nafasi, maana fungu la ukindu alimwachia mjukuu wake. Akaniomba msala wangu uliokunjamana. Nilimwambia hauna kazi, akasema atawekea vitunguu. Mdogo alipoona gari lake linaingia mkobani akapiga yowe, ikabidi mama aahidi kuwa litamsubiri Tanga, naye atalikuta akienda kumtembelea.

Kisha akaniambia, "Vua kilemba hicho. Kaa chini."

Kichwa changu kilikuwa aibu. Nimesuka nusu ya wanawake wa mitaa hii, na mwenyewe sina wa kunisuka. Nikakaa kwenye saruji katikati ya magoti ya mama, jua linanipiga usoni. Akanitia mafuta, akanichana, akagawa nywele kwa ncha ya kitana. Sikumbuki kama aliwahi kunisuka. Pangani nilisukwa na bibi, na Tanga nilirudi nikijisuka mwenyewe. Binti yangu alijisogeza karibu yetu na ukili wake, akitoa ulimi nje kwa bidii, na mdogo akamlalia bibi yake mguuni.

Msuko wa kwanza ulipoanza, machozi yalinitoka papo hapo, na si ya huzuni. Mama anavuta. Anavuta kuanzia kwenye utosi mpaka nyuma ya shingo, hana haraka, na kila msuko anaumalizia kwa kuukaza mara ya pili kwa tahadhari. Nikahisi nyusi zangu zinapanda. Nikahisi masikio yanarudi nyuma. Nilifungua mdomo kusema yale maneno ya wateja wangu wote, mama, taratibu, na yakaishia ulimini.

Miaka yote nimewaambia watu mkono wangu nimeupata kwa bibi.

Nilishika magoti yangu kwa mikono miwili, nikamwacha avute.