Jina Lako Lilivyofungua Ghala

Odilia mwanangu, ile siku naikumbuka vizuri, maana asubuhi yake nilikuacha na mafua kwa bibi yako kule Kasense, nikakimbilia kazini roho yangu yote ikiwa kwako.

Soko lilikuwa limeshaachiwa huria, na kampuni ya mbegu iliyoniajiri hapa Sumbawanga ilikuwa imetuletea kompyuta. Lori halikutoka ghalani bila kibali kilichoandikwa humo, na kila karani alikuwa na neno lake la siri. Mimi nikajiona mjanja, nikaweka jina lako. Nilikupenda mno, ningeweka nini kingine?

Nafika, namkuta Mzee Sikazwe, mkuu wa ghala, kakunja uso; hata shikamoo yangu hakuiitikia. Mbegu za wakulima wa Mwimbi zilikuwa zimepelekwa Chala kwa mfanyabiashara, na kibali kilitolewa kwa neno langu la siri. Kazi ilikuwa inaniponyoka hivihivi naona. Nililia, nikaapa kwamba neno langu hakuna anayelijua, hata baba yako.

Bado naapa, mpakiaji mmoja akachungulia dirishani. "Mama Odilia, habari za asubuhi? Mtoto kaamkaje?"

Mzee akaisogelea kompyuta yangu. Akavuta kibodi, akachapa taratibu kwa kidole kimoja, na kompyuta ikafunguka.

"Mama Odilia," akasema, "mbona siri yako tunaiita kutwa nzima?"

Weee, aibu niliyoiona! Baadaye karani mwenzangu alibanwa, akakiri, lori likarudishwa, nami nikabaki kazini.

Sasa nawe una ofisi yako, na kila mtu anakuita Mama Beno. Usinifiche, nakujua wewe! Hilo jina la mtoto litoe kwenye neno lako la siri leo hii. Unganisha maneno manne matano yasiyohusiana, ambayo hayapo kwenye maisha yako wala midomoni mwa watu. Usiyabandike chini ya kibodi. Ikibidi kuyaandika, yafungie mahali penye kufuli. Ya ofisini yasiwe ndiyo ya benki. Na ukiinuka kwenda kunywa chai, funga kompyuta, hata kama aliyebaki ni shoga yako wa kufa na kuzikana.

Mungu akutunze, Mama Beno wangu, na kazi ya mikono yako aibariki. Jina la mtoto ni la kuitwa. Mwite Beno mpaka majirani wachoke, kama mimi nilivyokuita wewe.