Sufuria Zilirudi na Mchele, Kamisheni ya Mjukuu Wangu Ikafutwa

Marahaba, ingawa hakuna aliyeniamkia. Mlikuwa wapi siku zote hizi? Kuna mama alileta kilio chake hapa kwenye ukurasa, nikasomewa, nikauliza watu wamemjibu nini. Naambiwa bado kimya. Nyie mna mioyo au mna vidole tu? Mimi hamtanipita hivyo. Kaeni.

Mimi ni bibi, sabini nimeshaivuka, naishi Buswelu. Sikuingia darasani hata siku moja, kwa hiyo naongea na jirani yangu anaandika, na nimemkataza kuninyooshea maneno. Nyumbani niko na mjukuu wangu, nitamwita Kabula. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, na ole wake atakayemsema vibaya hapa.

Kabula anatafutia wateja duka moja la kwenye mtandao. Duka si lake. Wamempa linki, mtu akinunua kupitia linki hiyo yeye anapata kamisheni. Zilikuwa zinajikusanya kwenye akaunti yake huko huko dukani, ajilipie chuo cha ushonaji. Mimi nikawa mdomo wake. Kanisani, sokoni, popote, nilisema alivyonifundisha: "Nunueni bila hofu. Usipokipenda unarudisha ndani ya wiki, na pesa yako unapewa."

Sasa nina rafiki yangu wa tangu ujana, anaishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Ndiye aliyempokea Kabula kwa mikono yake siku anazaliwa, mkunga akiwa hajafika. Huyo mwenzangu alikuwa anamwoza mjukuu wake. Akaagiza kwa linki ya Kabula masufuria makubwa, hotpoti, sahani za wageni wote. Kabula alirukaruka humu ndani kama ndama. Harusi ikafana, nikacheza mpaka goti likanigomea. Baada ya harusi mwenzangu akasugua vyombo, akavifunga, akavirudisha dukani. Pesa yake ikarudi, ikaenda kulipa maturubai.

Msimwite mwizi, nitawakasirikia. Kwetu ukiwa na shughuli unaazima masufuria, ukimaliza unarudisha. Alisikia neno langu, "unarudisha," akaona watu wa duka hili wana utu kama sisi. Na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kila sufuria aliitia mchele, na juu yake dagaa wakavu.

Siku hiyo Kabula alifungua simu akapiga yowe. Kamisheni ya harusi imefutwa. Si hiyo tu, akaunti yenyewe imefungwa, pamoja na kamisheni za wateja wengine ambao hawakurudisha hata kijiko. Nikamwambia, nipigie hao watu. Akapokea kijana mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye duka?"

"Hapana bibi, mimi nashughulikia malalamiko."

"Haya, lalamiko ndilo hili linaongea."

Akanieleza kwamba pesa waliirudisha kabla ya kufungua mzigo, kumbe vyombo vimetumika, na duka linaona mjukuu wangu na mteja walipanga. "Bibi, ndani ya sufuria tumekuta mchele na dagaa!"

"Ulitaka akurudishie chombo kitupu? Kwenu wapi wewe?"

Sikumngoja ajibu.

"Huo mchele uko wapi?"

"Tuliupika, bibi."

"Na dagaa?"

"Na dagaa."

"Kwa hiyo mmekula mchele wa mtu mzima na kamisheni ya mtoto. Mmeshiba?"

Akacheka, lakini kucheka hakukufungua akaunti. Akasema njia ni moja. Kabla mwezi haujaisha, mimi na Kabula tuseme kwamba yule mama alinunua akijua atatumia na kurudisha, na sisi hatukujua. Hapo Kabula atafunguliwa, na mwenzangu atarudishiwa vyombo na kudaiwa pesa ambayo hana tena, na jina lake libaki kwao kama mdanganyifu.

Kabula anasema, "Bibi, si ndiyo ukweli? Alijua atarudisha."

"Alijua, lakini hakudanganya."

"Wewe unamlinda rafiki yako. Mimi nalindwa na nani?"

Neno hilo limenikaa kifuani. Tangu siku hiyo anakula amesimama jikoni, mimi nakula peke yangu, kama kula ni huko. Naketi, nainuka. Nafagia uwanja uliofagiliwa. Nilishuka mpaka kwenye kivuko cha Kamanga nikamwambie mwenzangu, nikaona watu wanapanda, nikageuka. Nikaenda tena, nikageuka tena. Safari iliyofuata nikavuka.

Alinipokea kwa vigelegele. Nikamwambia duka limekasirika. Akashangaa kweli kweli. "Wamekasirika nini? Nimevisugua kwa majivu mpaka unajiona uso. Mchele nimeuchagua mwenyewe, hauna chuya hata moja. Au walitaka na kuku?"

Ulimi huu mnaousikia, siku ile ulikufa. Sikumtajia kamisheni. Sikumtajia Kabula. Nikanywa uji wake, na wakati wa kuondoka akanijazia viazi kwenye kikapu chake, akasema, "Mpelekee mtoto wangu." Mtoto wake ni huyo huyo Kabula.

Viazi vimeisha. Kabula amevila, amesimama. Kikapu kiko hapo mlangoni, kila nikipita kinanitazama. Lazima nikirudishe, na siwezi kukirudisha kitupu. Nikimpelekea habari kwamba nimemtaja, nitakuwa nimemrudishia nini mtu aliyemshika mjukuu wangu kabla yangu? Nisipomtaja, chuo cha mtoto kinapotea kwa sababu ya neno nililotangaza mimi kwa mdomo wangu.

Wanangu, wajukuu zangu, niambieni niseme lipi, na kwa nani kwanza. Wenye matusi kaeni nayo. Na siku mtakayopita tena hapa ukurasani, msije mikono mitupu kama mlivyozoea. Kikapu mmekiona kilipo. Wekeni neno ndani, nivuke nalo.