Beseni Kando ya Hita

Andika, mjukuu wangu, wala usilainishe neno. Katika baridi yangu ya kwanza hapa La Rochelle nilishona kutwa nzima nikiwa nimeielekea hita, ili vidole visife ganzi. Joto lile kavu likanikausha macho hadi yakawa mekundu. Msusi aliyepanga chumba cha pili akawaambia wanawake wa uani kwamba kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi. Wakaacha kuniletea nguo za watoto wao.

Nesi wa kliniki ndiye aliyeniponya. Alinifundisha kuipa hita mgongo, kuweka beseni la maji kando yake, na kuyakanda macho kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Mwaka uliofuata msusi naye akanunua hita. Haukupita mwezi, akabisha hodi kwangu huku akipepesa macho mekundu.

"Bibi, nisaidie, yanawaka kama yametiwa pilipili."

"Kumbe na wewe umeanza kuroga?" nilimuuliza, tena kwa sauti ya kufika uani.

Nilimwamuru apite mlango kwa mlango, akiri kwamba alinisingizia. Alipita yote, nami nikamfuata nyuma ili nisikie kila neno. Nguo zikaanza kurudi, nami nikamweleza habari ya beseni na ya kuipa hita mgongo. Habari ya kitambaa sijamwambia hadi leo, na kila asubuhi ya baridi namwona bado anapepesa. Hilo nalo liandike.